Ngazi ya juu ya faili la mipangilio ni mali ya nani?

Ukibuni muundo wa faili la mipangilio, swali la kutumia YAML au TOML (miundo miwili ya kuandikia mafaili hayo) linaweza kusubiri. Amua kwanza nani ana haki ya kuweka jina kwenye ngazi ya juu kabisa. Ukiiacha wazi, plagini mbili (programu ndogo za nyongeza) zitachukua jina `cache`, kila moja kwa maana yake, na siku utakapolihitaji jina hilo hutaweza kulitwaa bila kuvunja mafaili ya watu.

Python walilitatua vizuri katika pyproject.toml, faili la mipangilio ya miradi ya Python. PEP 518 ya 2016 (PEP ni pendekezo rasmi la kuboresha Python) iliziweka zana zote chini ya `tool`, kwa sharti kwamba anayetumia jina awe analimiliki kwenye PyPI, hifadhi ya vifurushi vya Python: `tool.black`, `tool.mypy`. Majina mengine ya ngazi ya juu yalihifadhiwa kwa ajili ya PEP zijazo, kwa hiyo PEP 621 ya 2020 ilipoleta `project`, jina hilo lilikuwa bado huru. Wala hawakuhitaji kuanzisha daftari jipya la majina. Kama huna daftari la aina hiyo, tumia kikoa chako cha intaneti kilichogeuzwa (`com.example` badala ya `example.com`), kama lebo za Docker.

Majina anayobuni mtumiaji yasikae ngazi moja na ya kwako. Chini ya `seva` ukiweka `timeout` (muda wa kusubiri) pamoja na majina ya seva zenyewe, hutaweza kuongeza ufunguo (jina la mpangilio) mpya bila hofu kwamba tayari kuna seva yenye jina hilo. Yape majina hayo ramani yake, yaani kundi lake la funguo. Katika YAML 1.1 kuna mtego mwingine: `no`, msimbo wa nchi ya Norwe, husomwa kama "si kweli", hata ikiwa ufunguo.

Vigeu vya mazingira, yaani thamani ambazo programu hupewa na mfumo wa kompyuta nje ya faili, ndivyo huumbua majina mabaya. `APP_DB_POOL_SIZE` ni `db.pool_size` au `db.pool.size`? Haijulikani. Tenganisha ngazi kwa vistari vya chini viwili, `APP__DB__POOL_SIZE`, kisha piga marufuku vistari viwili, nukta na herufi kubwa ndani ya funguo.

Kipimo kiwe ndani ya jina: `timeout_ms`, kwa sababu 30 peke yake haisemi kama ni sekunde. Epuka `disable_cache: false`, ambayo ni kukanusha mara mbili, andika `cache_enabled`.

Ufunguo usiojulikana usimamishe programu, na ujumbe utaje jina linalofanana nalo. Ukibadilisha jina, soma la zamani kwa onyo. Yakikutwa yote mawili, kataa faili.