Kutoa kwa hesabu: uanzie wapi kama uko Lamu

Tangu nianze kuweka status kuhusu EA, yani Effective Altruism, vijana wananiuliza maswali yale yale, ni NGO? kuna ajira? lazima uwe na hela? na mmoja kaniuliza kama ni dhehebu jipya. La. Ni watu tu walioanza kukusanyika kule Oxford, Uingereza, mwaka 2009 hivi, akina Toby Ord na William MacAskill, wakawa wanajiuliza, kama nina shilingi ya kutoa au muda wa kujitolea, nipeleke wapi isaidie watu zaidi? Na wakataka jibu lenye ushahidi, si la moyo kutulia basi.

Ushauri wangu kwa anaeanza, usitoe hela kwanza. Anza na zile ambazo mtaani kwenu zatoka tayari. Lamu hii nani hatoi? Zaka, sadaka, futari, mchango wa mgonjwa anaepelekwa Mombasa, bado maulidi. Mie ndo mshika hela wa kikundi chetu cha Langoni na kila Ramadhani ikikaribia ugomvi ni ule ule, tugawe mchele na unga ama tuwape watu pesa mkononi? Wale wa mchele wana hoja moja tu, pesa mtu ataenda kuzila miraa. Hili limebishaniwa madakani miaka na miaka na hakuna alieshinda, manake kila mtu ana mfano wa jirani yake.

Kumbe jambo lenyewe lilishapimwa, tena hapa hapa Kenya. Kuna hawa GiveDirectly wanaotuma pesa kwa simu bila masharti, walizipa familia maskini kule Rarieda, Siaya, na watafiti wawili, Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro, wakalinganisha waliopata na waliokosa, na nani apate ilikua ni bahati nasibu kwa hivyo huwezi kusema walichaguliwa wenye akili. Utafiti ukatoka 2016. Waliopata walikula vizuri zaidi, wakaongeza mifugo, wakaezeka mabati, na matumizi ya pombe na sigara hayakupanda. Nlipolisema hili kikaoni ami mmoja akanikata hapo hapo, Siaya si Lamu na pombe si miraa. Ana haki yake, hilo ni swali zuri kabisa. Lakini angalau sasa tunabishania kitu.

Na ile nyingine ya "cha bure hakithaminiwi", ukigawa neti bure watu watavulia samaki. Jessica Cohen na Pascaline Dupas waliijaribu kwenye kliniki za wajawazito magharibi ya Kenya, kwengine neti bure, kwengine zauzwa kwa bei ya kutupa, wakachapisha 2010. Bei ilipofika shilingi 40 tu wachukuaji wakapungua vibaya mno, na waliochukua bure hawakuonekana kuzitumia kidogo kuliko walionunua. Shilingi 40! Mie hii ndo ilonimaliza.

Kwa hivyo chukua ubishi mmoja wa baraza lenu, utafute kama ushapimwa, uwarudishie wenzako. Watu watatu wanne wakifanya hivo kila wiki hapo tayari mshaingia, hamhitaji kadi wala fulana. Mkifika kwa GiveWell, wanaochambua mashirika na kuweka hesabu zao wazi, jiandaeni, wao wanakisia kuokoa maisha ya mtu mmoja kupitia miradi wanayoipendekeza ni dola elfu kadhaa. Ukizoea matangazo ya okoa mtoto kwa bei ya chai utakaa chini kwanza.

Kama ungali skuli au chuo, hela sizo zako bado, kazi yako ya baadae ndo yenye uzito. 80,000 Hours, shirika la kushauri watu kuhusu kazi, jina lao lenyewe ni hesabu, masaa 40 kwa wiki, wiki 50, miaka 40. Wanashauri bure, ila kusema kweli mengi yameandikiwa mtu wa London au San Francisco, ukiambiwa uende Washington cheka tu uendelee kusoma. Hapo Kilifi kuna KEMRI-Wellcome, kituo cha utafiti wa afya, tangu 1989, chanjo za malaria RTS,S na R21 zote zimefanyiwa majaribio hapo pia. Mtoto wa pwani anaejua takwimu na anaejua kuzungumza na mama wa kijijini, nafasi yake iko karibu hapo kuliko anavyodhani.

Alieajiriwa, Giving What We Can, kikundi cha watu wanaoahidi kutoa, wana ahadi ya asilimia 10 ya mapato maisha yote, na ipo ya majaribio kuanzia asilimia 1, anza na hio. Usiichanganye na zaka, zaka ni faradhi na ina hesabu yake ya asilimia 2.5.

Kuna wengine huko kwenye EA wanatetea kuku wa vizimbani wasiteswe, wenzangu hucheka sana, alafu hao hao ndo wanapeleka punda wao kwenye kliniki ya punda iliyoko hapa Lamu tangu 1987. Na utatupiwa jina la Sam Bankman-Fried. Ni kweli, alikua mfadhili mkubwa wa EA, kampuni yake ya sarafu za mtandaoni, FTX, ikaanguka Novemba 2022 na 2024 akafungwa miaka 25 kwa utapeli. Usimtetee, endelea na hoja yako ya neti.

Kozi ya utangulizi wa EA ipo, ya mtandaoni, mnakua kikundi kidogo na msimamizi, mnasoma kisha mnajadili kwa video. Ni bure, ukiombwa M-Pesa ya kujiandikisha ujue ni tapeli. Ni kwa Kiingereza lakini hakuna anaekupima lafudhi. Kwenye fomu utaulizwa saa zinazokufaa, andika za baada ya isha, na kama mko wawili wa mtaa mmoja jiungeni bando.