Kuuza nyumba Malindi: kampuni ya bei rahisi, dalali wa mtaani au ajenti wa ofisi?

Jirani yangu wa zamani kule Barani, mtaa wa Malindi, alinitumia voisi ya dakika 4 juzi usiku. Anataka kuuza nyumba, kuna kampuni ya mtandaoni imemwambia itamuuzia kwa elfu 15 tu, hakuna komisheni, na kuna ajenti wa ofisi anataka asilimia 3. Akaniuliza, "Dadangu, wewe ushauza, hii asilimia 3 si wizi?" Nikaanza kumjibu kwa voisi nikaona haitoshi, na najua si yeye peke yake anayejiuliza, kwa hivyo naandika hapa yote niliyopitia.

Nyumba yetu ilikua ya kawaida tu, vyumba 3, ya mawe, ploti futi 50 kwa 100, na miembe miwili nyuma. Ploti tulinunua 2008, tukajenga pole pole, mwaka 2010 tukachukua mkopo benki kumalizia paa na tukamaliza kulipa 2016. Januari 2023 nikapata uhamisho wa kwenda kufundisha Mombasa, baba watoto yuko kazini Qatar, nyumba ikabaki imefungwa. Na nyumba ikifungwa huku pwani haikai, chumvi inakula geti na mabati, mchwa wanaingia milangoni, ukirudi baada ya miezi miwili unakuta kazi. Tukakubaliana tuuze.

Nikaanza na rahisi kama anavyotaka kuanza jirani yangu. Nikalipa elfu 15 kampuni moja ya mtandaoni, akaja kijana akapiga picha, nzuri tu sikatai, wakaiweka kwenye tovuti yao na Facebook, na namba ya simu waliyoweka ni yangu mimi. Hapo ndo nilipoelewa nimenunua nini. Simu zinaingia niko darasani, mwengine saa nne usiku, na swali ni moja, "bei ya mwisho ngapi?" kabla hata hajauliza nyumba iko wapi. Nusu yao walikua madalali wanatafuta mali ya kuzungusha. Anayetaka kuiona kweli, nani atamfungulia? Mimi niko Mombasa, ni kilomita kama 120, nilikua napanda matatu Jumamosi asubuhi, nafika, nafagia, nafungua madirisha, mteja simu haishiki. Mara tatu ilinitokea hivyo, na mara ya tatu nilikua nimemwacha mtoto ana homa nyumbani, nilikaa kwenye baraza ya nyumba yangu mwenyewe nikalia.

Ofa nzuri niliyopata kwa njia hiyo ilikua milioni 6.3. Nikawapigia kampuni nikawauliza mnishauri, nikubali, nikatae, nimjibu vipi? Wakanambia kwa upole tu kwamba kujadiliana bei haiko kwenye kifurushi changu, nizungumze na mteja mwenyewe. Na kwa kweli hawakunidanganya, ilikua imeandikwa, mimi ndo sikusoma. Lakini fikiria, mtu ambaye pesa yake ashapata siku ya kwanza, nyumba iuzwe isiuzwe kwake ni sawa. Hilo ndo ningetaka jirani yangu alishike kabla ya kuangalia elfu 15.

Nisiseme ni mbaya kwa kila mtu. Mwalimu mwenzangu aliuza ploti Ganda kwa njia hiyo hiyo na ilimfaa, lakini yeye anaishi hapo hapo, hati ilikua safi, wakili anamjua, na kubishana bei ni kitu anachokiweza. Kama wewe ni hivyo, usimlipe mtu asilimia 3.

Baada ya hapo nikaenda kwa dalali wa mtaani. Kijana anajulikana, salamu nzuri, akanambia, "Dada mimi sitaki kitu kwako, wewe nipe bei yako tu." Nikampa milioni 7.2. Wiki tatu baadaye shemeji yangu ananitumia picha za nyumba yangu kutoka grupu la WhatsApp, bei milioni 8.6. Ndo cha juu hicho, dalali anajiongezea chake juu ya bei yako. Na alikua ashampa mwenziwe, mwenziwe ashampa mwengine, kila mmoja kaongeza chake. Pia niligundua kuna watu walikua wanalipishwa pesa ya kuonyeshwa nyumba, na funguo nimetoa mimi! Nilisikitika sana kwa hilo, maana kuna familia huko nje inaamini mwenye nyumba ndo anakula hizo pesa.

Dalali huyo alinipotezea mteja wa kweli. Mume na mke kutoka bara, wastaafu, waliipenda nyumba mpaka mama akaanza kuniambia pale jikoni ataweka nini. Tukiwa tumekaa chini ya mwembe yule mzee akaniuliza bei moja kwa moja, nikamwambia milioni 7.2, nikaona uso unabadilika. Alikua ameambiwa 8.4. Hakunikasirikia mimi, lakini aliogopa, akasema, "Kama kwenye bei tu kuna hivi, kwenye hati je?" Hawakurudi, na sikumlaumu.

Lakini dalali wa mtaani ana kitu ambacho wengine hawana, na nasema kwa heshima kwa sababu udalali ni kazi ya zamani huku kwetu. Anajua nani kauza shamba Gede anatafuta nyumba mjini, nani anaoza mtoto, nani karudi kutoka Uarabuni na pesa. Wateja alioleta walikua watu wenye pesa, si watu wa kuuliza bei ya mwisho. Ukimtumia, muandikiane karatasi, bei moja, komisheni yake kiasi gani, na kwamba haongezi kitu juu wala hachukui pesa ya kuonyesha. Akikataa kuandikiana hapo ushajua.

Ikafika Agosti. Nikaenda kwa maajenti wa ofisi. Wa kwanza, barabara ya Lamu, ofisi nzuri ina AC, aliangalia picha kwenye simu akasema milioni 9.5, wateja wa Kitaliano wapo, nisaini mkataba wa miezi 6 wa yeye peke yake. Moyo ulidunda, nitakua mwongo nikisema sikufurahi. Kilichonizuia ni kwamba hakuuliza swali hata moja. Ukisaini bei ya ndoto unafungwa miezi 6, halafu mwezi wa tatu unapigiwa simu "soko limeshuka mama, tupunguze." Na hiyo habari ya Wazungu, jamani, nyumba ndani ya Barani si vila ya Casuarina. Halafu tangu katiba ya 2010 mgeni asiye raia anaweza kushika ardhi kwa lizi tu, yaani kukodishiwa kwa muda, isiyozidi miaka 99, hata kama hati yako wewe ni ya milele, kwa hivyo mnunuzi mgeni na wakili wake wana maswali yao mengi, si mtu wa kuja na begi la pesa kesho.

Wa pili alikua mama mmoja, ofisi ndogo, cheti cha mwaka huo cha bodi ya maajenti, EARB, kiko ukutani. (Kwa sheria ya Kenya, ile Sura ya 533, mtu asiyesajiliwa na hiyo bodi haruhusiwi kufanya kazi ya uajenti wa majumba, kwa hivyo uliza hicho cheti bila aibu, aliyenacho anakuonyesha kwa furaha.) Kabla hajauliza vyumba vingapi akauliza hati iko kwa jina la nani. Langu. Mume yuko wapi? Qatar. Akasema basi aanze kwenda ubalozi kusaini karatasi ya ridhaa mapema, maana nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenzako wa ndoa na wakili wa mnunuzi ataitaka. Mkopo ulikuwepo? Ulikuwepo, tulimaliza 2016. Akasema twende tukatoe sachi, yaani tuangalie ofisi ya ardhi hati yetu imeandikwa nini.

Sachi ikarudi na jina la benki bado limekaa pale. Miaka 7 tangu tumalize kulipa! Benki walitupa hati yetu na karatasi ya kuondoa rehani, sisi tukaweka kwenye faili, hakuna aliyetwambia karatasi hiyo lazima isajiliwe ofisi ya ardhi. Ilituchukua karibu wiki 6 kusafisha hilo. Sasa fikiria, yule wa milioni 6.3 ningemkubali, kalipa dipoziti, halafu wakili wake anafanya sachi anakuta nyumba iko rehani. Elfu 15 yangu isingenisaidia kitu hapo.

Bei alisema tuanze 7.5, tutarajie kati ya 7 na 7.2. Aliniambia hivyo akiniangalia usoni, na alinionyesha nyumba 3 zilizouzwa karibu, Maweni na huko kwetu, na zimeuzwa ngapi, si zimetangazwa ngapi. Mkataba miezi 3. Komisheni analipwa dili likikamilika.

Novemba tukasaini agrimenti na mteja, mfanyakazi wa kaunti anachukua mkopo, milioni 7.2, dipoziti asilimia 10 ikakaa kwa wakili na si kwa ajenti, na siku 90 za kumaliza kama kawaida. Watu wengi wanafikiri hapo kazi imeisha. Mimi nakwambia hapo ndo ilianza. Januari mthamini wa benki akasema nyumba ni milioni 6.9, mteja akapiga simu anataka tushuke laki 3. Mimi peke yangu ningeshuka, nilikua nshachoka. Yule mama akampelekea mteja yale mauzo 3 aliyonionyesha, akakaa naye, wakafanya hesabu ya kuongezea kutoka mfukoni, na bei ikabaki. Kila Jumatatu alikua anapiga simu kwa wakili wetu, kwa wakili wa mteja, kwa benki, kufuatilia karatasi ya reti za kaunti, nikitoka darasani nakuta meseji yake imeshakaa kwenye simu imefikia wapi. Siku 90 zilipita, tukaongeza, pesa ikaingia Machi 2024.

Sasa hesabu. Asilimia 3 ya milioni 7.2 ni 216,000, na VAT ya asilimia 16 juu ya komisheni ni 34,560, jumla nilimlipa 250,560. Inauma kuandika hundi hiyo, sikatai. Lakini nilibaki na 6,949,440, na ile njia ya elfu 15 ingenipa 6,285,000, tena kama ingefika mwisho.

Jambo la KRA, watu wa kodi, nalo. Tangu 1 Januari 2023 kodi ya faida ukiuza mali ni asilimia 15, ilikua 5, na ni muuzaji anayelipa. Kuna msamaha wa nyumba uliyoishi mwenyewe miaka 3 mfululizo mpaka unauza, lakini sisi tulikua tushahama miezi mingi, hatukuutegemea. Jirani, wewe bado unaishi humo, usihame kwanza! Na tafuta risiti zako za ujenzi, simiti, mawe, fundi, kwa sababu faida inahesabiwa baada ya kutoa gharama, hata komisheni ya ajenti na pesa ya wakili zinatolewa. Risiti za laki 10 zikipotea ni kodi ya laki 1 na nusu umejiongezea. Na dalali akikwambia muandike bei ya chini kwenye agrimenti ili mnunuzi apunguze ushuru wa stempu, kataa, huo ni uongo kwa serikali na sahihi ni yako.

Kuna wale ambao nyumba zao ni bila ardhi, kuta na paa ni zako lakini kiwanja unamlipa mwenyewe kila mwezi, tunazo nyingi Malindi. Kwenu nyinyi fomu ya ile kampuni haikua hata na mahali pa kuandika hilo, mtu wa bara atakuja akidhani ananunua ploti. Tafuteni mtu wa hapa anayejua. Hali kadhalika wenye nyumba Lamu mji wa kale, ule mji uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001 na huwezi kubomoa ukuta au kung'oa mlango wa nakshi bila kuuliza watu wa makumbusho, mnunuzi lazima aelezwe mapema na mtu anayeelewa, kwa picha pekee haelewi.

Kwa hivyo jirani, usimlipe mtu wiki hii. Toa hati yako kabatini, fanya sachi kwanza, ikirudi safi na bado unataka kujaribu ya elfu 15 kwa vile uko hapo hapo, jaribu miezi miwili. Ikirudi na kitu, nipigie jioni baada ya isha, nikupeleke kwa yule mama.