Kutu kwenye redio ya ndege inayolala Kisongo

Mkuu, umeuliza inakuwaje redio ya ndege ndogo ikwaruze kwa kutu wakati Arusha iko mbali na bahari. Inalala Kisongo, kwenye uwanja wa ndege wa Arusha, sawa, lakini inashinda wapi? Kama inapeleka wageni Zanzibar, chumvi inarudi nayo. Halafu ikishuka na baridi ya huko juu ikakuta hewa yenye unyevu, inatoka jasho kama soda iliyotolewa kwenye friji. Maji, chumvi na metali mbili tofauti zikigusana, kutu imeshapata kazi.

Anza na kitako cha antena, maji hupenda kupenya hapo. Pini za konekta (kiunganishi cha nyaya) zenye rangi ya dhahabu usizipige msasa, tafadhali! Dhahabu yenyewe ni utando tu. Ukiukwangua, nikeli na shaba za chini zinabaki uchi. Tumia alkoholi ya isopropili na brashi laini, uache ikauke kabisa kabla ya kuwasha umeme. Kisha kizuia kutu cha elektroniki za ndege (chenye kiwango cha kijeshi cha Marekani MIL-PRF-81309 Type III), siyo mafuta yoyote ya kopo, na kama kitabu cha matengenezo kinaruhusu.

Na ile silikoni ya kuzibia ya dukani yenye harufu ya siki, weka mbali: inapokauka inatoa asidi inayokula shaba. Nyaya nazo ziachiwe mkunjo unaoning'inia kabla ya konekta, maji yadondokee hapo. Kazi yote aifanye au aikague fundi mwenye leseni.