Klarithromaisini ikishindwa mara ya kwanza, usiirudie

Mkuu uliyeuliza kama urudie dawa za H. pylori, bakteria wa tumboni wanaoleta vidonda vya tumbo, na kama mkeo apimwe, weka hivyo vidonge chini kwanza. Umemaliza dozi ya klarithromaisini na amoksilini, ambazo ni antibayotiki, pamoja na omeprazoli ya kupunguza asidi, kipimo cha choo bado kinaonyesha H. pylori wapo, halafu muuza dawa anakwambia meza ile ile tena, safari hii wiki mbili? Ushauri huo huo nilipewa mimi na muuza dawa wangu. "Wadudu wako wabishi tu, tuwaongezee siku." Nikaongezewa. Mdomo ukawa mchungu kama nimekesha nikilamba sarafu, tumbo likaharisha, na mwisho wa yote bakteria walikuwa wazima kuliko mimi. Chekeni tu, nimeshazoea.

Kinachoniudhi ni kwamba yule muuza dawa bingwa hakuwahi kuniuliza kama nilishatumia azithromaisini au erithromaisini. Nilikuwa nazimeza kila kifua kilipobana! Hizo ni ndugu wa klarithromaisini, kwa hiyo usugu dhidi ya mmoja huwa ni usugu dhidi ya wote.

Dawa hii hufanya kazi kwa kujishikiza kwenye ribosomu, pale bakteria anapotengenezea protini zake, hasa kwenye RNA iitwayo 23S. Ikibadilika herufi moja tu ya maandishi ya kijenetiki ya RNA hiyo, ya 2142 au 2143, mara nyingi adenini ikawa guanini, dawa inakosa pa kushika. Herufi moja, kwenye jenomu, yaani maandishi yote ya kijenetiki ya bakteria, yenye herufi zaidi ya milioni 1.5. Na si dawa inayoleta badiliko hilo. Hutokea lenyewe bakteria wanapogawanyika. Dawa inakuja kuwafagia wasio nalo na kuwaachia wenzao tumbo zima. Sasa fikiria waliobaki kwako baada ya dozi ya kwanza ni akina nani. Hizo wiki mbili unakwenda kumuua nani?

Kuna atakayekuja hapa kusema kuongeza dozi husaidia. Kwa metronidazoli, antibayotiki nyingine ya H. pylori, ndiyo, kiasi fulani. Usugu wake mara nyingi unatokana na kuharibika kwa jeni ya rdxA, inayoiamsha dawa ndani ya bakteria, na dozi kubwa pamoja na bismathi inaweza kuuvuka. Amoksilini nayo ni nadra kuikuta na usugu, ndiyo maana hurudiwa bila shida. Klarithromaisini haimo katika msamaha huo. Shirika la Afya Duniani (WHO) lenyewe mwaka 2017 liliwaweka H. pylori wenye usugu dhidi yake kwenye orodha ya bakteria wanaohitaji dawa mpya kwa haraka.

Kwa hiyo rudi kwa daktari, si dukani, na umtajie kila antibayotiki unayoikumbuka, hata ile ya kikohozi ya miaka iliyopita. Muulize kuhusu mchanganyiko wa dawa nne: bismathi, tetrasaiklini, metronidazoli na ya kupunguza asidi. Kama kuna maabara inayoweza kusoma hiyo 23S, au kuotesha bakteria na kuwajaribia dawa, omba upimwe kabla ya kumeza chochote.

Uliuliza pia kuhusu chakula na kama mkeo apimwe. Wengine watakujibu. Mimi naongeza hili tu: ukimaliza dozi mpya, subiri angalau wiki nne ndipo upime tena, kwa pumzi au choo, na omeprazoli uwe umeiacha wiki mbili kabla. Kipimo cha damu wakikupa, kikatae, maana kingamwili hubaki muda mrefu hata bakteria wakiwa wameshakufa.