Gitaa la Lamu Kwenye Baridi ya Minnesota

Huku kwetu kaskazi inavuma na madirisha yako wazi. Ndugu zetu walio ng'ambo wamefunga nyumba na kuwasha hita tangu mwezi wa kumi na moja, na barua tulizopokea safari hii ni za ala zinazopata tabu ndani ya nyumba hizo.

SWALI: Asalam aleykum, mhariri. Mwanangu anasoma Minneapolis, Marekani. Mwezi wa nane aliondoka hapa na gitaa lake la mbao, zima kabisa. Sasa anasema nyuzi zinagonga freti, vile vyuma vinavyokatiza shingo, zinavuma kama nyuki, na ncha za freti zimetokeza zinamkwaruza mkono. Tena ameona ufa mwembamba kama unywele kwenye ubao wa mbele, nyuma ya daraja, kile kipande kinachoshika nyuzi juu ya ubao. Rafiki yake amemshauri aweke kijiti kirefu zaidi pale darajani ili nyuzi zinyanyuke. Afanye hivyo? *Mama wa Mkomani, Lamu*

JIBU: Wa aleykum salaam, mama. Mwambie asibadilishe kitu kwanza. Gitaa limekauka. Likirudishiwa unyevu wake nyuzi zitanyanyuka zenyewe, na akiwa ameshaweka kijiti kirefu, majira ya joto yakifika nyuzi zitakuwa juu hata hazibonyezeki.

Hewa baridi haibebi maji mengi. Nje kukiwa na digrii 10 chini ya sifuri, mita moja ya ujazo ya hewa haiwezi kubeba zaidi ya gramu 2.4 za mvuke. Hewa hiyo ikiingia ndani ikapashwa moto hadi digrii 21, inakuwa na nafasi ya gramu 18, lakini maji ni yale yale. Ndiyo maana kipimo cha unyevu humo ndani husoma asilimia 15 au 20, wakati hapa Lamu hewa ya digrii 28 yenye unyevu wa asilimia 75 inabeba gramu 20 katika mita hiyo hiyo. Magitaa mengi hutengenezwa kwenye karakana yenye unyevu wa asilimia 45 hadi 50, na hapo ndipo yanapotaka kuishi.

Mbao hufuata hewa. Katika unyevu wa Lamu, karibu asilimia 14 ya uzito wa mbao ni maji. Katika nyumba yenye hita hushuka hadi 4 au 5. Ubao wa mbele wa gitaa, ambao kwa kawaida ni wa mti uitwao sprusi, una upana wa sentimita 38 hadi 40 hivi. Ungekuwa huru ungesinyaa milimita 4 na zaidi kwa upana. Sasa hauko huru: umegundishwa kwenye mbavu kuzunguka kote, na kwa ndani umeshikwa na vipande vya mbao vilivyolala kuukata. Mbao husinyaa upana, si urefu, basi vile vipande vya ndani havisogei na ubao unavutwa huku na huku. Kwanza unazama, daraja linazama nao, nyuzi zinakaribia freti. Ukizidi kukauka, unapasuka. Ncha za freti nazo hazikurefuka: ubao wa shingo ndio uliosinyaa, chuma kikabaki na kipimo chake.

Ahakikishe hivi. Achukue rula iliyonyooka, ailaze kwa ukingo wake nyuma ya daraja, kukatiza ubao. Gitaa lenye afya lina tumbo kidogo, kwa hiyo rula itaegemea katikati na mwanga utapenya kwenye ncha zake mbili. Mwanga ukipenya katikati, ubao umezama.

Dawa yake ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Anunue visanduku viwili vya plastiki vya sabuni, vile vya kusafiria. Kila kimoja akitoboe matundu 15 au 20 ya milimita 5 upande wa juu, atie kipande cha sponji mpya isiyo na sabuni, ailoweshe kisha aikamue mpaka isidondoshe hata tone. Kimoja akiweke ndani ya kasha chini ya kichwa cha gitaa, cha pili kwenye nafasi iliyo kando ya kiuno. Kisikae kwenye ubao wa mbele, wala maji yasiguse mbao popote: sehemu moja ikilowa na nyingine ikabaki kavu, huo ni ufa mwingine. Maji yawe yaliyokenekwa, yale yanayouzwa madukani kwa ajili ya pasi za mvuke, kwa sababu maji ya bomba huacha chokaa kwenye sponji. Alegeze nyuzi kwa toni moja ya sauti, yaani freti mbili, afunge kasha, na kila baada ya siku mbili aangalie sponji.

Asitarajie nafuu kesho. Mbao iliyopoteza maji kwa miezi hurudi kwa wiki mbili, pengine tatu. Rula itamwambia. Tumbo likirudi, ufa nao mara nyingi hujifunga, na hapo ndipo wa kupelekwa kwa fundi autie gundi ya mbao na kuuwekea viraka vidogo kwa ndani. Ukigundishwa ukiwa wazi, utabaki wazi. Na supaglu mama, mkataze kabisa: hugandia kwenye vanishi, na fundi atakayekuja baadaye hawezi tena kuingiza gundi ya kweli kwenye mbao.

Jambo la mwisho kwake. Atashawishika kununua mashine ya kulowesha hewa ya chumba kizima. Chumba cha mita 4 kwa 4 chenye dari ya mita 2.5 kina mita za ujazo 40. Kukitoa asilimia 20 hadi 45 kunataka gramu 180 za maji, ambazo si nyingi, ila hewa ya nyumba hubadilika. Nusu ya hewa ikitoka kila saa, mashine itakunywa lita 2 na ushei kila siku, na dirisha litatokwa na jasho. Kasha lililofungwa halihitaji ila vijiko vichache vya maji kwa wiki. Kwa kijana wa chuo, kasha linatosha, mradi gitaa lisitundikwe ukutani wala kuachwa kwenye stendi likishapigwa.

SWALI: Mimi napiga gitaa hotelini. Mwezi ujao naenda Milano kwa miezi miwili na gitaa langu, ambalo halijawahi kutoka Pwani. Nifanye nini kabla ya safari? *Mpigaji, Malindi*

JIBU: Likaushe polepole kabla hujaondoka, uanze wiki tatu kabla. Shida kubwa ya magitaa yetu si ukavu peke yake, ni urefu wa kuanguka: kutoka 75 hadi 20 kwa siku moja. Kwenye ndege kwenyewe unyevu huwa chini ya asilimia 20.

Tafuta silika jeli, zile chembe zinazonyonya unyevu, ya rangi ya chungwa, ile inayobadilika kuwa kijani ikishiba, na kipimo cha unyevu, haigromita, cha dijitali. Tia gramu 50 za silika kwenye mfuko wa kitambaa, uuweke ndani ya kasha pamoja na kipimo, ufunge. Mbao za gitaa zina uzito wa kilo 1.5 hivi, kuzishusha kutoka asilimia 14 za maji hadi 9 ni kutoa gramu 75. Mfuko mmoja hubeba gramu 12 tu, kwa hiyo utaubadilisha mara sita, kila siku tatu. Usikimbilie kutia gramu 300 kwa mpigo, kwani silika kavu nyingi ndani ya kasha dogo hushusha unyevu hadi chini ya 20 kwa usiku mmoja, na utakuwa umelipasua gitaa Malindi kabla ya kulifikisha Italia. Kipimo kikisoma 50 na kikatulia siku mbili, toa silika.

Kipimo chenyewe usikiamini mpaka umekijaribu. Jaza chumvi ya jikoni kwenye kizibo cha soda, tonesha maji mpaka iwe kama uji mzito, isiyeyuke yote. Weka kizibo na kipimo ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, uache kwa muda wa saa 12. Chumvi iliyolowa hivyo huweka hewa yake kwenye asilimia 75. Kipimo kikisoma 69, jua kinapunguza 6, ujumlishe kila ukisoma.

Siku ya safari legeza nyuzi kwa toni moja ya sauti, jaza nguo laini pande zote za kichwa kisicheze, na kasha liwe gumu. Ukifika, hapa wengi ndipo wanapokosea: usifungue kasha. Liache chumbani kwa muda wa saa 5 au 6, lifungwe vile vile, lipate joto taratibu. Vanishi iliyoganda kwa baridi ikikutana ghafla na chumba chenye joto hupasuka nyufa ndogo ndogo kama utando wa buibui, na hizo hazifutiki. Baada ya hapo tumia visanduku vya sabuni kama tulivyomweleza mama wa Mkomani.

Kabla ya yote, chungulia ukingo wa tundu la sauti. Ukiona mistari ya mbao ya juu inaendelea kushuka hadi upande wa ndani, ubao ni mmoja na yote haya yanakuhusu. Ukiona matabaka matatu kama ya plaiwudi, gitaa lako ni gumu zaidi. Ubao wa shingo tu ndio utakaosumbua.

SWALI: Nimempelekea mjomba udi, yuko Toronto. Vigingi havishiki, akikaza vinajirudia. Na matundu ya udi yana nakshi, sponji haipiti. *Kijana wa Langoni, Lamu*

JIBU: Sponji isipite. Ubao wa udi una unene wa milimita 2 hivi, maji yasiusogelee. Visanduku vikae nje ya tumbo la udi, ndani ya begi, na begi lenyewe kwa kuwa ni la kitambaa aliingize kwenye mfuko mkubwa wa plastiki, aufunge mdomo. Mjomba atauona mfuko huo si wa heshima kwa ala kama udi, lakini bila huo unyevu wote utatoroka.

Vigingi vimesinyaa na matundu yake yamekauka. Asivigonge. Avitoe kimoja kimoja, asichanganye, kwa sababu kila kigingi kimezoea tundu lake. Pale penye alama ya kung'aa apake chaki, kisha juu yake sabuni kavu ya mche kidogo sana. Chaki hushika, sabuni hutelezesha. Arudishe, na kila akikaza asukume kigingi kuelekea ndani huku akikizungusha. Unyevu ukirudi vitanenepa, basi apunguze chaki mapema, visije vikakwama.

SWALI: Shemeji kaniletea kutoka Ulaya kile kimpira cha maji cha kuning'iniza kwenye tundu la gitaa. Nikitumie hapa? *Msomaji, Malindi*

JIBU: Hapana. Gitaa lako linaishi kwenye asilimia 75 na zaidi, kimpira kitalivimbisha ubao na kulivundisha ndani. Wewe tumia silika, gramu 50, na lisitundikwe kwenye ukuta wa nje wa matumbawe, hasa masika. Kimpira kihifadhi kikavu. Mpigaji mwenzako aliyeandika hapo juu anasafiri mwezi ujao.