Kusoma Anatomia na Fiziolojia Mtandaoni Bila Kuuacha Mwili Nyuma

Anayesoma anatomia na fiziolojia ya binadamu kwa njia ya mtandao, katika ngazi ya shahada ya kwanza, hukabiliwa na hatari moja kubwa: video humwonyesha kila kitu kwa uwazi kiasi kwamba huamini ameelewa, ilhali hakuna aliyemuuliza swali lolote. Nilipitia kozi hii nikiwa muuguzi mwenye stashahada, nikijiendeleza baada ya zamu, na ushauri wangu ni kwamba somo la mwili lisiachwe kwenye skrini. Lichore kwa mkono wako, lipapase kwenye mwili wako, kisha ulieleze kwa mdomo wako mwenyewe.

Kuchora ndiko kulikonisaidia kuliko mbinu nyingine zote. Kila mhadhara ulipokwisha nilifunga kompyuta, nikachukua karatasi tupu na kuchora kutoka kichwani: moyo wenye vyumba vinne na vali nne (milango inayozuia damu kurudi nyuma), pamoja na njia ya damu kutoka vena kava, mishipa mikubwa inayoirudisha moyoni, hadi mapafuni, kisha kurudi upande wa kushoto na kutoka kwa aota, ateri kuu ya mwili. Mchoro hauhitaji kupendeza. Mahali kalamu inaposita ndipo penye pengo, na hapo ndipo pa kurudia, badala ya kuitazama video nzima upya. Uzingatie pia kwamba picha za anatomia huchorwa mtu akiwa amekuelekea, viganja vikitazama mbele, kwa hiyo upande wa kushoto wa picha ni upande wa kulia wa mwili. Wanafunzi wengi hupoteza alama kwenye jambo hili peke yake.

Mwili wako ni maabara ambayo haihitaji bando. Shika mkono wako chini kidogo ya kiwiko, kisha geuza kiganja juu na chini: utahisi kwamba ulna, mfupa wa upande wa kidole kidogo, imetulia huku radiasi, mfupa wa upande wa kidole gumba, ikizunguka na kukatiza juu yake, jambo ambalo picha bapa haiwezi kulieleza vizuri. Papasa nundu ya ndani ya kiwiko. Nyuma yake hupita neva ya ulna, na ndiyo sababu ukijigonga hapo ganzi hushuka hadi kwenye kidole kidogo. Tafuta mapigo ya ateri kifundoni mwa mkono upande wa kidole gumba, ndani ya kiwiko, na nyuma ya fundo la ndani la mguu. Sehemu uliyoigusa ukijua jina lake haikutoki upesi.

Kwa viungo vya ndani, nenda bucha. Nunua moyo wa ng'ombe, vaa glavu, uupasue kwa urefu, nawe utaona jinsi ukuta wa ventrikali (chumba cha chini cha moyo) ya kushoto ulivyo mnene kuliko wa kulia, kwa kuwa huo wa kushoto husukuma damu mwili mzima ilhali wa kulia huipeleka mapafuni tu. Utaona pia nyuzi nyeupe zinazozuia vali zisipinduke ventrikali inapobana. Kwenye figo uwe mwangalifu: figo la ng'ombe limegawanyika mafundomafundo kwa nje, na la mbuzi, ingawa ni laini kama la binadamu mzima, halina zile piramidi (sehemu zenye umbo la pembetatu) kadhaa tofauti ambazo kitabu kitakuonyesha ndani ya figo la mtu. Tofauti hizo ziandike kwenye daftari.

Fiziolojia hudai nidhamu ya namna nyingine, kwa sababu haikubali kukaririwa vipande vipande. Kila jambo lielezwe kwa sauti kama mfuatano wa sababu. Chukua mtu anayesimama ghafla: damu huelekea miguuni, kinachorudi moyoni hupungua, shinikizo la damu hushuka, vipokezi vinavyolipima vilivyo kwenye ateri za shingoni na kwenye tao la aota hupunguza ishara zake, na shina la ubongo hujibu kwa kuongeza kasi ya moyo na kubana mishipa. Hesabu mapigo yako ukiwa umelala, kisha mara tu baada ya kusimama, nawe utakuwa umeuona mfuatano huo ukifanya kazi. Tarakimu nazo zikokotolewe, zisikaririwe. Figo zote mbili huchuja takriban mililita 125 kwa dakika, yaani lita 180 kwa siku, ilhali mkojo ni kama lita moja na nusu tu. Ukishaifanya hesabu hiyo, hutahitaji kushawishiwa kwamba kazi kubwa ya nefroni, vichujio vidogo vya figo, ni kurudisha kilichochujwa.

Kuhusu vifaa sitasema mengi. Mradi wa OpenStax wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, hutoa bure kitabu kizima cha kozi hii, na unaweza kukipakua mara moja ukakisoma bila intaneti. Programu ya Anki, ambayo ni ya bure kwenye kompyuta na kwenye simu za Android, hukurudishia maswali kwa vipindi vinavyozidi kurefuka, na inafaa sana kwa majina ya mifupa, misuli na neva. Kadi zako zitengeneze mwenyewe.

Jambo la mwisho ni la kushughulikiwa mapema kuliko yote. Kozi nyingine za mtandaoni hazina maabara kabisa, na zipo taasisi na mabaraza ya taaluma za afya yasiyozikubali kozi za namna hiyo. Ikiwa chuo kiko nje ya nchi nawe utaitumia shahada hiyo Tanzania, ulizia pia utambuzi wake kwa Tume ya Vyuo Vikuu. Maswali hayo yaulizwe kwa maandishi, na majibu yahifadhiwe, kabla ya kulipa ada yoyote.