Usafi wa ndani, bakteria wa mwili na VVU: ninayowaambia wanawake wa Newala

Kwa miaka mingi nimefanya kazi ya uuguzi na ukunga katika vijiji vya Newala na Tandahimba, kusini mwa Tanzania, na ushauri ninaoutoa mara nyingi kuliko mwingine wowote, iwe kwa mwali aliyetoka unyagoni, kwa mama mwenye watoto sita au kwa bibi anayewafunda wengine, ni kwamba mwanamke asijioshe ndani ya uke. Asiingize kidole chenye sabuni, wala ndimu, wala shabu, wala ugoro, wala maji ya chumvi. Wengi huupokea ushauri huu kwa mshangao, kwa kuwa kwetu usafi wa ndani hufundishwa kama sehemu ya heshima ya mwanamke, na mimi siyadharau mafunzo yaliyotulea. Hata hivyo napenda nieleze kwa kirefu kwa nini nasisitiza, maana sababu zake haziishii kwenye muwasho na harufu. Zinafika mpaka kwenye VVU.

Ukuta wa uke umefunikwa na utando laini wenye ute, wa jamii moja na ule ulioko mdomoni, kwenye utumbo na katika njia ya haja kubwa, na virusi vinavyoambukizwa kwa kujamiiana havina budi kuuvuka utando wa namna hiyo ndipo viingie mwilini. Juu ya utando huo wanaishi bakteria. Uke unapokuwa katika afya njema, kwa kawaida wanaotawala ni wale waitwao laktobasili, ambao hutengeneza asidi laktiki na kukifanya kipimo cha uchachu, yaani pH, kibaki chini ya 4.5. Katika uchachu huo bakteria wengi wabaya hushindwa kuzaliana, ute huweza kuvinasa virusi, na utando hutulia bila uvimbe. Sabuni huwaondoa laktobasili. Ndimu nayo, ingawa ni chachu, ni kali kupita kiasi na hubabua utando wenyewe. Shabu huukausha, nao ukikauka huchubuka kwa urahisi wakati wa tendo la ndoa.

Shamba likifyekwa na kuachwa wazi, magugu ndiyo huwahi kuota. Laktobasili wakishapungua, nafasi yao huchukuliwa na bakteria wengine wasiohitaji hewa ya oksijeni, wakiwemo gadinerela na prevotela, na hali hiyo ndiyo vajinosisi ya bakteria: majimaji mepesi ya kijivu au meupe, pamoja na shombo inayozidi baada ya kujamiiana. Wanawake wengi walio nayo hawaoni dalili yoyote. Wanaosikia harufu hudhani ni uchafu, wakaongeza kujiosha, na kwa kujiosha wakazidi kuwaondoa laktobasili waliobaki. Nimewaona kina mama waliozunguka katika duara hilo kwa muda mrefu, wakiona aibu hata kukaa karibu na wenzao msibani, ilhali tatizo lao halikuwa uchafu kabisa.

Uhusiano wa hali hii na VVU umechunguzwa zaidi hapa kwetu Afrika. Huko Rakai, Uganda, watafiti walionyesha mwaka 1997 kwamba wanawake wenye vajinosisi ya bakteria walikuwa na maambukizi ya VVU kwa wingi zaidi kuliko wenzao. Mombasa, wanawake wanaofanya biashara ya ngono walifuatiliwa kwa miaka 10, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba waliojiosha ndani walipata VVU zaidi ya wasiojiosha, hata wale waliotumia maji matupu, na hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa waliotumia sabuni. Kisha mwaka 2017 yakatoka matokeo ya Umlazi, karibu na Durban, Afrika Kusini, ambako wasichana wa miaka 18 hadi 23 wasio na VVU walikuwa wakipimwa mara mbili kila wiki. Wale ambao ukeni mwao laktobasili walikuwa wachache na bakteria wengine wa aina nyingi walikuwa wengi, walikuwa na hatari ya kuambukizwa zaidi ya mara 4 ya wale waliotawaliwa na laktobasili wa aina iitwayo krispatusi.

Sababu waliyoieleza watafiti wa Umlazi ndiyo hunifanya nisichoke kulisema jambo hili. Bakteria hao wabaya huuchokoza utando, mwili nao hujibu kwa uvimbe na kupeleka seli nyingi zaidi za CD4 mahali pale pale. Seli za CD4 ni seli za kinga ya mwili, na ndizo ambazo VVU huzishambulia. Kwa hiyo mwili, katika kujitetea, huviweka virusi karibu na vinachokitafuta.

Sisemi kwamba kujiosha peke yake huleta VVU. Asiyekutana na VVU haambukizwi, hata akijiosha kutwa mara ngapi. Ninachosema ni kwamba anayekutana navyo akiwa na utando uliochubuka na kuvimba yuko katika hatari kubwa zaidi kuliko yule ambaye utando wake ni mzima.

Siku moja nilikaa barazani kwa nyakanga, yaani bibi anayeongoza unyago, mmoja anayeheshimika sana, nikamweleza haya yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafungua pindo la khanga yake na kutoa kipande cha shabu kilichoviringishwa kwenye kitambaa, ncha zake zimelainika kwa kutumika. Akanitazama. “Sasa mjukuu wangu,” akasema, “mwali nitamfundisha nini?” Nikamjibu, “Bibi, mfundishe kuosha nje kwa maji safi, akauke vizuri, abadilishe nguo ya ndani kila siku. Na umfundishe kwamba ndani pana usafi wake wenyewe, akiona mabadiliko asifiche, aje zahanati.” Akanyamaza kidogo, akaniuliza kama kuna mkunga anayeweza kuja unyagoni kuyasema hayo mbele ya kila mwali na somo anayemfunda. Naamini kabisa kwamba hapo ndipo pa kuanzia. Bango la ukutani katika zahanati halina uzito wa neno la nyakanga, na wahudumu wenzangu wanaotaka mabadiliko waende kwa kina bibi hawa kwa adabu, wapige hodi, wakae mkekani, wasikilize kwanza.

Ukiona majimaji yenye shombo, nenda ukapimwe. Katika duka moja la dawa nilimwona muuzaji akimhesabia binti vidonge vichache vya rangi mbili na kumwambia anywe vyote kwa pamoja, bila hata kumuuliza kama ana mimba. Antibayotiki isiyo sahihi huua laktobasili na kuliacha tatizo palepale. Tiba ya kawaida ni metronidazoli ya miligramu 500, mara mbili kwa siku kwa siku 7, na dozi imalizwe hata kama harufu imeondoka siku ya tatu. Tatizo hili hupenda kurudi. Mwaka 2025 watafiti wa Australia walionyesha kwamba mwanamume akitibiwa pamoja na mwenzi wake, tatizo lilirudi kwa asilimia 35 ya wanawake ndani ya wiki 12, ilhali mwanamke alipotibiwa peke yake lilirudi kwa asilimia 63. Baba, ukiitwa kliniki pamoja na mkeo, nenda. Na wale wanaoniuliza kuhusu kupaka mtindi ndani, nawaambia waunywe tu, kwa sababu bakteria wa maziwa si wale wa ukeni.

Bakteria wa vajinosisi wanaweza hata kuipunguza nguvu dawa ya kujikinga na VVU. Gel ya tenofoviri, dawa ya VVU inayowekwa ukeni, ilipojaribiwa huko KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, matokeo ya mwaka 2010 yalionyesha kinga ya asilimia 39. Baadaye, mwaka 2017, watafiti waliporudia kuchunguza sampuli za wanawake 688 wa jaribio hilo, walikuta kwamba gel ilikinga kwa asilimia 61 wanawake wenye laktobasili wengi, na kwa asilimia 18 tu wale wasio nao, kwa kuwa gadinerela walikuwa wakiivunjavunja dawa kabla haijaingia kwenye seli. Habari hii isimtishe anayemeza vidonge vya PrEP, yaani dawa anayomeza asiye na VVU ili asiambukizwe. Uchunguzi uliofanywa kwa wanawake wa Kenya na Uganda ulionyesha kwamba vidonge hukinga sawasawa, mwenye vajinosisi na asiye nayo. Endelea na vidonge vyako, na kondomu iendelee kutumika.

Kwa wale wanaoishi na VVU nina neno kuhusu tumbo. Sehemu kubwa ya seli za kinga ziko kwenye utando wa utumbo, na VVU huziangamiza huko katika wiki za mwanzo kabisa, wakati mgonjwa bado anajiona mzima. Utando ukilegea, chembe za bakteria wa tumboni hupenya hadi kwenye damu na kuifanya kinga ihangaike bila kupumzika, jambo lililothibitishwa mwaka 2006. ARV huituliza hali hiyo, ingawa utumbo huchelewa kupona kuliko damu. Kwa hiyo anza dawa mara tu upimwapo na kukutwa na maambukizi. Tangu mwaka 2016 hapa Tanzania hakuna tena sababu ya kusubiri CD4 zishuke. Na unga wa “kusafisha tumbo” unaouzwa minadani na kwenye vituo vya mabasi uache kabisa, maana unaharisha utumbo ambao tayari umejeruhiwa, na anayeharisha mfululizo huweza kupoteza hata dawa aliyoimeza.

Iko siku watafiti watafika na huku kusini wakiomba sampuli ya ukeni kwa kijiti cha pamba. Ningependa wanawake wetu wakubali, kwa sababu mengi niliyoyaandika hapa yamejulikana kwa kuwa wanawake wa Rakai, Mombasa na Umlazi walikubali. Lakini kabla ya kutia saini uliza kama wana kibali cha maadili kutoka NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, sampuli itahifadhiwa wapi na kwa muda gani, majibu yako utaambiwa lini na nani, na ukikutwa na ugonjwa utatibiwa na nani. Uliza pia kama unaweza kujitoa katikati bila kunyimwa huduma zako za kawaida. Asiyeweza kukujibu maswali hayo kwa Kiswahili unachokielewa, mwambie arudi siku nyingine na mtu anayeweza.